Walijua, Lakini Hawakusimama: Kisa cha Mafunzo ya Viongozi wa Kujitolea Kando ya Msitu wa Kakamega

Jina la shirika, kijiji, shule na watu wote yameondolewa. Mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa, ila mpangilio wa matukio umebaki ulivyokuwa.

Usuli

Shirika dogo la kijamii kwenye ukingo wa kusini wa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, lilitaka kuanzisha programu ya mazingira kwa watoto wa miaka 10 hadi 15. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: Jumamosi mbili kwa mwezi na siku kadhaa za likizo, watoto waingie msituni pamoja na watu wazima wa pale pale kijijini, waujue msitu wanaouona kila siku wakipitia kandokando yake kwenda shuleni au kuteka maji.

Mahali hapo hapakosi cha kufundisha. Msitu huu ndio kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Afrika ya Kati. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa chini ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, tangu 1985. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Kuna mbega na kima, kuna hondohondo, kuna mti wa Prunus africana ambao gome lake huvunwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume na ambao biashara yake kimataifa inadhibitiwa. Ruhusa ya kuingia iliombwa mapema, na hapo hapakuwa na tatizo lolote.

Tatizo la eneo hili ni saa. Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi iliyo mikavu kidogo ni Desemba hadi Februari. Agosti, wakati watoto wako nyumbani kwa likizo, mvua ni ya alasiri. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea nyanda za juu na kukutana na upepo wa mashariki. Mawingu huanza kujikusanya saa sita mchana, na kufikia saa nane au saa tisa ngurumo zimeshaanza. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kila mkulima wa Shinyalu, eneo linalopakana na msitu, anajua kwamba mahindi huanuliwa kabla ya saa nane, na kila kiongozi katika kisa hiki alilijua hilo pia.

Walipatikana watu 18 wa kujitolea kupitia makanisa, kikundi cha akina mama na vijana waliomaliza kidato cha nne. Walimu wastaafu walikuwa wawili, mama wa makamo watano, waliosalia vijana wa miaka 19 hadi 26.

Mafunzo ya kwanza

Yalikuwa ya siku mbili, katika ukumbi wa kanisa. Siku ya kwanza ilikuwa ya miti, ndege, sheria za misitu na umuhimu wa uhifadhi. Siku ya pili asubuhi ilikuwa huduma ya kwanza, iliyofundishwa kwa karatasi kubwa ukutani. Ulinzi wa mtoto ulipewa saa moja kabla ya chakula. Alasiri ukaja mtihani wa maswali 30, na wote 18 wakafaulu, kisha vyeti vikatolewa na picha zikapigwa.

Swali moja la mtihani ule lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye: "Ukisikia ngurumo ukiwa nje na watoto, utafanya nini?" Jibu lililotakiwa lilikuwa kusitisha shughuli, kuwapeleka watoto ndani ya jengo au gari, na kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Karibu wote walilijibu sawasawa.

Hakuna aliyewahi kuongoza hata mtoto mmoja hatua kumi wakati wa mafunzo hayo. Watoto wenyewe hawakuwepo.

Matembezi ya kwanza

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Safari ilikuwa ya kupanda kilima chenye nyasi kileleni, mzunguko wa kilomita tatu hivi. Viongozi waliofika ni saba, na fomu za ridhaa za wazazi zilizokusanywa ni 46.

Kuondoka kulipangwa saa mbili na nusu asubuhi. Watoto walichelewa, wengine walikuja bila fomu, na mratibu akawa anajaza majina langoni huku mzazi mmoja mmoja akipigiwa simu. Kundi liliondoka saa nne na dakika ishirini. Karibu saa mbili zilikuwa zimepotea, lakini njia haikufupishwa. Hakuna aliyehesabu vichwa. Kila mtu alijua kuna fomu 46.

Kituo cha kwanza kilikuwa mti mmoja mkubwa. Kiongozi mkuu, mwalimu mstaafu anayeheshimika sana pale kijijini, alizungumza kwa dakika 25. Maelezo yalikuwa mazuri, ila watoto wa mbele tu ndio waliosikia. Wa nyuma walianza kurushiana matunda ya mkuyu, na kiongozi mmoja kijana akawapigisha magoti wavulana watatu kando ya njia mpaka mazungumzo yakaisha.

Saa saba na dakika tano ngurumo ya kwanza ilisikika. Kundi lilikuwa kwenye mteremko, mita 600 hivi kabla ya kilele kilicho wazi. Madarasa ya shule ya msingi yalikuwa mita 900 nyuma yao, chini. Kundi likaendelea kupanda.

Sababu iliyotolewa papo hapo ilikuwa kwamba chakula kiko juu. Sufuria za githeri zilikuwa zimepelekwa kileleni kwa bodaboda kwa njia ya upande wa pili, na mama wawili walikuwa wakingoja huko. Watoto walikuwa na njaa. Waliosikia habari ya githeri walianza kukimbia, na mstari ukarefuka mpaka wa mbele hawakuwaona wa nyuma. Mvua iliponyesha, nusu ya watoto walikuwa kileleni chini ya turubai lililofungwa kwenye miti miwili, na nusu nyingine walikuwa katikati ya njia, wamejibanza chini ya mti mrefu kuliko yote pale pamoja na kiongozi wa miaka 19 aliyekuwa ameshika mkia. Mahali pote pawili ni pabaya. Turubai halizuii radi, na mti mrefu uliojitenga ndio huipokea.

Chini ya mti ule msichana mmoja alianza kubanwa na kifua. Ana pumu. Fomu yake ilisema hivyo, na inhela yake ilikuwa kwenye mkoba, ukumbini. Kiongozi aliyesoma fomu alikuwa kileleni. Msichana alipata nafuu mvua ilipopungua, akabebwa mgongoni kushuka.

Saa tisa wote walikuwa ukumbini, na mara hii walihesabiwa: 45. Viongozi wanne walirudi msituni kutafuta. Baada ya dakika 50 mtoto wa 46 alipatikana nyumbani kwao akinywa chai. Alikuwa ameondoka asubuhi na kaka yake kabla ya safari kuanza, kwa sababu kungoja kulimchosha.

Hakuna aliyeumia. Kamati ingeweza kushukuru Mungu na kuendelea. Nusu ya wanakamati walitaka hivyo hasa.

Uamuzi wa kwanza: kusimamisha, kisha kuuliza

Mratibu alisimamisha matembezi yote kwa wiki sita. Wazazi waliambiwa sababu bila kupunguza chochote, na habari ya kupigishwa magoti ikafikishwa kwa wazazi wa wale wavulana watatu. Hatua hiyo ilizua manung'uniko, lakini ilizuia uvumi, kwa sababu watoto walikuwa wameshasimulia yote nyumbani, na kwa chumvi.

Pendekezo la kwanza la kamati lilikuwa kuongeza siku ya tatu ya mafunzo: hali ya hewa na huduma ya kwanza, tena kwa undani zaidi. Ni pendekezo ambalo hutolewa karibu kila mahali jambo linapoharibika. Mkufunzi aliyeitwa kutoka nje, mtu mwenye miaka mingi katika uskauti, aliomba kwanza azungumze na viongozi saba mmoja mmoja. Maswali yake yalikuwa manne: Ulisikia nini? Ulijua nini? Ulitaka kufanya nini? Ni nini kilikuzuia?

Majibu yalibadilisha mwelekeo wa kazi yote. Watano kati ya saba waliisikia ngurumo ya kwanza, na wote watano walikuwa wamelijibu swali la ngurumo sawasawa kwenye mtihani. Wanne walitaka kurudi. Kwa swali la nne walisema, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba mwalimu alikuwa mbele. Mama mmoja alisema hawezi kumwambia mwalimu aliyemfundishia watoto wake kwamba amekosea mbele ya watoto hao hao. Kijana aliyeshika mkia alisema alingoja aone mwalimu atafanya nini.

Na mwalimu mwenyewe? Alisema alitaka kurudi pia, ila aliwaza chakula, akawaza akina mama walioko juu, na kwa kuwa hakuna aliyesema neno akadhani ni yeye tu mwenye wasiwasi.

Kwa hiyo maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuyatumia, pamoja na mazoezi ya kuyatumia haraka. Siku ya tatu ya masomo ukumbini ingewapa watu walewale majibu sahihi zaidi ya kunyamazia.

Mafunzo mapya

Mpango mpya ulikuwa Jumamosi sita, saa nne kila moja, nje, na kuanzia Jumamosi ya pili watoto walikuwepo. Baada ya hapo kila mtu alipitia hatua tatu: kufuata kundi akitazama, kuongoza akiwa na mwenzake, kisha kuongoza akitazamwa na mkufunzi ambaye hasemi kitu isipokuwa kuna hatari. Cheti kilitolewa baada ya hatua ya tatu, si kabla.

*Kanuni ya kusimama.* Hili ndilo lililopewa muda mrefu kuliko yote. Kijana aliyelelewa kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" hawezi kuambiwa siku moja kwamba sasa ana haki ya kumpinga mkuu, akafanya hivyo kesho yake chini ya mvua. Mkufunzi hakujaribu kuibadilisha heshima hiyo. Aliondoa uamuzi mikononi mwa watu na kuufanya kanuni. Kila kiongozi, na wa miaka 19 akiwemo, ana kipenga. Yeyote anayesikia ngurumo, hata ya mbali, anapuliza mara tatu. Kipenga kikilia, kundi linasimama na kugeuka. Aliyeshika mkia anakuwa wa mbele, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na njia ya kurudi. Hakuna mjadala wakati huo. Mjadala ni baadaye, ndani ya jengo, na aliyepuliza haulizwi kwa nini alipuliza. Kwa namna hii kijana hamkatazi mzee; kanuni inawakataza wote wawili.

Ili jambo hili liwe la mwili na si la kichwa tu, mkufunzi alikuwa na kipande cha bati. Wakati wowote wa mafunzo, katikati ya somo la wadudu au watu wakinywa chai, alilipiga. Kundi lilipaswa kuwa limegeuka, limehesabiwa na limeanza kutembea ndani ya sekunde 90. Mara ya kwanza ilichukua zaidi ya dakika nne, na watu wawili walimaliza chai kwanza. Kufikia Jumamosi ya nne sekunde 90 zilitosha.

Waliongeza pia hesabu ya umbali: sekunde tatu kati ya mmweko na mlio ni kama kilomita moja. Lakini kwa kundi la watoto hesabu hiyo ni ya kuelewa, si ya kuamulia. Ikisikika, mnarudi. Na kama jengo haliwezi kufikiwa, kundi linakwenda kwenye miti mifupi ya urefu unaolingana, mbali na mti uliozidi mingine na mbali na matawi makavu. Watoto wanatawanyika wakionana, wanachuchumaa miguu ikiwa pamoja, hawalali chini.

*Kuhesabu.* Makundi yalipunguzwa hadi watoto wanane kwa viongozi wawili, na matembezi hayazidi makundi matatu. Kila mtoto alipewa namba ya kudumu na kadi. Kadi za kwanza zilikuwa za karatasi ngumu zilizofunikwa kwa utepe wa plastiki, zikaoza kwa jasho na mvua ndani ya wiki mbili. Za sasa zimekatwa kwenye jerikeni kuukuu la mafuta ya kupikia, sentimita 5 kwa 8, jina na namba kwa kalamu ya maka, tundu moja juu. Nyuma kuna alama ya rangi kwa mwenye pumu, kifafa, au anayedhurika vibaya na sumu ya nyuki.

Ukumbini kuna ubao wenye misumari 24. Mtoto akifika anaitoa kadi yake kwenye msumari na kumpa kiongozi wake, ambaye anaitia kwenye pete ya waya kiunoni. Msumari mtupu maana yake mtoto yuko nje. Akichukuliwa mapema, kadi inarudi kwenye mstari wa chini uliopakwa rangi nyekundu na mzazi anatia sahihi. Mtu mmoja, asiyekwenda msituni, anabaki na ubao siku nzima akiwa na simu.

Kadi haihesabu mtoto, na hili lilibidi lisisitizwe. Hesabu ni ya kuita namba kwa sauti, moja hadi nane, langoni, kabla na baada ya kila kituo, baada ya kuvuka kijito, na wakati wa kurudi. Wiki ya tatu wavulana walianza kuitikia kwa niaba ya rafiki zao, kwa mzaha. Tangu hapo kiongozi anatazama uso kabla ya kukubali namba.

*Njia.* Kila kiongozi aliitembea njia bila watoto, akiwa na saa na daftari, akaandika kila baada ya mita 500: simu inapata mtandao? bodaboda inafika? jengo la karibu liko wapi, dakika ngapi kwa mwendo wa mtoto? Watu wazima walikadiria kilomita nne kwa saa. Pamoja na vituo, watoto wa miaka 10 walitembea kilomita moja na nusu hadi mbili. Hesabu hiyo moja iliondoa kilima kwenye ratiba ya miezi ya mvua. Saa ya mwisho ya kuwa ndani ikawekwa kuwa saa saba mchana, na kundi likichelewa kuondoka kwa nusu saa, njia fupi ndiyo inayotumika. Chakula huliwa ukumbini baada ya kurudi, bila kubadilishwa kwa sababu yoyote. Msituni watoto wanabeba ndizi na maji.

*Shughuli badala ya hotuba.* Kiongozi haruhusiwi kusema zaidi ya dakika tatu mfululizo. Badala yake anabeba vitu. Kamba ya katani ya mita nne na ushee na vijiti vinne hutoa mraba wa mita moja kwa moja. Watoto wanne wanauchunguza kwa dakika kumi: aina ngapi za majani, viumbe wangapi, udongo una unyevu kiasi gani. Mraba mmoja unawekwa chini ya miti minene, mwingine kando ya njia, kisha watoto wanasema wenyewe tofauti iko wapi. Kijitoni ni beseni jeupe na chujio la chai: jiwe linageuzwa, yanayotoka yanamwagwa kwenye beseni. Mabuu bapa yenye nyuzi tatu mkiani hayavumilii maji machafu, kwa hiyo yakiwa mengi kijito ni kisafi. Minyoo myekundu peke yake ni habari mbaya. Anayeingia majini ni kiongozi mwenye gambuti, na mikono huoshwa kwa sabuni. Maji yaliyotuama yenye konokono hayaguswi kabisa, kwa sababu ya kichocho.

Viongozi wengi waliogopa shughuli hizi kuliko nyoka. Hofu yao ilikuwa kuulizwa jina la mdudu wasilolijua. Zoezi lililowasaidia lilikuwa la kujibu "sijui, tumtazame: ana miguu mingapi?" mara kumi mfululizo mpaka aibu ikaisha.

*Huduma ya kwanza* ilipunguzwa iwe mambo matano yanayotokea kweli pale: pumu, siafu, nyuki, kuteguka, na nyoka. Yote yalifanywa kwa kuigiza. Kwa siafu, mtoto anatolewa kwenye msafara wao kwanza, kisha wanabanduliwa mmoja mmoja. Kosa la kawaida ni kuanza kubandua huku bado amesimama juu yao. Kwa nyoka, mtoto analazwa, kiungo kinafungwa kwa kijiti na kitambaa kisicheze, pete na bangili zinatolewa, anabebwa bila kutembea. Hakuna kuchanja wala kunyonya, wala kukaza kamba, wala kumfuata nyoka. Mratibu hupiga simu asubuhi ya kila safari kuuliza ni hospitali ipi yenye dawa ya sumu ya nyoka siku hiyo, kwa sababu haipatikani kila mahali. Inhela huwa mfukoni mwa mtoto mwenyewe, na mtoto bila inhela yake haondoki langoni.

*Ulinzi wa mtoto* ulitoka kwenye saa moja ya maelezo ukawa sehemu ya kila Jumamosi. Kiongozi hakai peke yake na mtoto mmoja. Chooni huenda watoto watatu. Picha haiwekwi mtandaoni bila ridhaa ya maandishi. Adhabu ya kimwili, kupiga magoti ikiwemo, hairuhusiwi. Baadhi ya viongozi walishangaa kusikia kwamba magoti ni adhabu ya kimwili, maana ndivyo walivyolelewa. Walipewa mbinu mbadala: anayesumbua anabebeshwa beseni au anatembea kando ya kiongozi. Kila mmoja alileta cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na namba ya bure ya 116 imeandikwa nyuma ya ubao ambapo watoto wanaiona.

Matokeo

Kati ya 18, waliomaliza ni 11. Katika mwaka uliofuata yalifanyika matembezi tisa. Matatu yalikatizwa kwa kipenga. Mara moja mvua haikunyesha kabisa, na wazazi wawili walilalamika kwamba watoto wamerudishwa bure. Mratibu hakumlaumu aliyepuliza. Katika mojawapo ya yale matatu, aliyepuliza alikuwa kijana yule yule aliyewahi kuwekwa chini ya mti mrefu.

Mwalimu aliyeongoza siku ya kwanza ndiye anayeshika ubao. Hakuna mtoto anayepita mbele yake bila kadi. Mwalimu wa pili aliondoka baada ya Jumamosi ya kwanza, akiona kwamba kupewa kipenga sawa na kijana ni kudharauliwa.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa matunda zaidi ni ule wa kuuliza kabla ya kufundisha. Maswali manne, mtu mmoja mmoja, bila mwingine kusikiliza. Kama mkutano ungefanywa wa wote pamoja, vijana wangenyamaza tena kwa sababu ile ile iliyowanyamazisha mlimani, na kamati ingeondoka ikiamini kwamba somo la ngurumo halikueleweka.

Kanuni ya kusimama ilifanya kazi kwa kuwa ilikuwa nyembamba. Inahusu ngurumo, mtoto asiyeonekana, na kiongozi anayesema "sina uhakika na hesabu". Katikati ya mwaka kulikuwa na jaribio la kuiongezea mambo, watoto wakorofi na kuchelewa vikiwemo, na vipenga vikaanza kulia ovyo mpaka watoto wakaacha kugeuka. Yaliyoongezwa yalifutwa.

Chakula kileleni kinastahili kutazamwa upya, kwa sababu ndicho kilichoamua siku ile kuliko mtu yeyote. Ukiweka kitu ambacho kundi linakitamani mahali palipo hatari, umeshafanya uamuzi wa kwenda huko kabla ya kuona anga. Mabasi yaliyokodiwa yanayongoja upande wa pili wa njia, au mgeni rasmi anayesubiri mahali fulani, hufanya vivyo hivyo.

Kilichoshindikana ni gharama kwa wanaojitolea. Jumamosi ni siku ya soko na ya biashara ya bodaboda. Ukimtoa mwalimu wa pili, watu sita walioacha hawakuacha kwa uvivu. Kila Jumamosi iliwatoa mfukoni, na mwanzoni shirika halikurudisha hata nauli. Wengi wao walikuwa vijana waliokuwa wazuri kwa watoto. Nauli na chakula cha mchana vilipoanza kutolewa, ilikuwa Jumamosi ya nne na walikuwa wameshaondoka. Kuhamishia Jumapili alasiri kulijaribiwa, kukashindwa kwa sababu ya kwaya na mikutano ya kanisa, na kwa sababu alasiri ndiyo mvua.

Kuondoka kwa mwalimu wa pili kungeweza kuzuiwa. Kanuni ilitangazwa mbele ya watu wote bila wazee kuelezwa kwanza faraghani. Mwalimu wa kwanza alikuwa ameshazungumza na mkufunzi, kwa hiyo alipoisikia hadharani aliiunga mkono. Yule wa pili aliisikia pamoja na vijana. Ziara ya nusu saa nyumbani kwake ingegharimu kidogo.

Uwiano wa viongozi wawili kwa watoto wanane una bei: watoto 24 badala ya 46. Wazazi wa walioachwa nje hawakufurahi, na orodha ya kungoja ni ndefu. Kamati imekataa kuongeza kundi la nne mpaka viongozi wawili zaidi wamalize hatua ya tatu.

Vijana wengine wawili wanatarajiwa kuondoka kwenda vyuoni. Kwa hiyo mafunzo yanayofuata yamewekwa Januari, miezi mikavu, nauli ikilipwa tangu siku ya kwanza. Nafasi mbili zimetengewa washiriki wa zamani waliofikisha miaka 16. Watapewa vipenga, lakini kwa kuwa sheria bado inawahesabu kuwa watoto, hawaingii kwenye hesabu ya watu wazima wa kundi, na kadi zao zinatundikwa ubaoni kama za wengine.